Kesho Nitakusindikiza kwa Miguu

Sapiwi, jioni

Mwanangu Minza,

Uniwie radhi kwa kukuandikia barua ilhali tunaishi nyumba moja, na ukuta unaotenganisha chumba chako na changu ni mwembamba kiasi kwamba ukigeuka kitandani nasikia. Umekwenda Bariadi kuchukua tiketi na kumuaga shangazi yako, nami nimeona nizitumie saa hizi kuandika mambo ambayo tukiyazungumza ana kwa ana wewe unalia, na mimi nikikuona unalia ninakubali kila unalosema. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako dogo. Tafadhali uisome kabla hujalala, kwa sababu ndani yake kuna ombi linalohusu kesho asubuhi.

Sitaandika habari za safari. Michembe ya viazi vikavu uliyofungasha, maji ya kunywa njiani, na namna ya kuilinda simu ndani ya basi, hayo unayajua kuliko mimi. Huko Mtwara unakokwenda kufundisha sijafika, na mzee anayetoa maelekezo ya mahali asipopajua huwachosha watu bure. Nataka kukuandikia juu ya kutembea.

Leo asubuhi tulipokuwa tunakunywa uji uliniambia kwamba bajaji itaingia mpaka uani.

"Mabegi yatapakiwa hapahapa," ulisema, "na wewe Baba utaniaga ukiwa umekaa kwenye kiti chako."

Nikakujibu kwamba nitakusindikiza hadi barabarani.

"Baba, jamani. Hadi barabarani? Na atakayekurudisha ni nani?"

"Miguu iliyonipeleka."

"Ile ile ya juzi?"

Juzi ulinivalisha viatu kama mtoto wa chekechea, na uliponiinua kitandani nilitoa sauti ambayo ningependa usingeisikia. Ukasema ukiniona naumia njiani hutaweza kupanda basi. Kisha, ukikusanya vikombe, ukasema kwa sauti ya chini kwamba ukifika tu utaandika kuomba uhamisho urudi karibu, maana baba yako si mtu wa kuachwa.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu. Umeingoja ajira hii tangu ulipomaliza chuo, ukiuza vitumbua pale senta huku cheti chako kikikaa kabatini. Sitaki uirudishe kwa ajili ya kiti changu. Nami kiti hicho nakifahamu vizuri kuliko unavyodhani. Naomba unisikilize.

Nilipoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa pamba, wewe ulikuwa shule ya bweni. Kuanguka kwenyewe unakujua. Pengine hujui kwamba nilipanda juu ya mafurushi kwa sababu nilikuwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi, nikiogopa tope jeusi la mbugani lisiichafue. Wenzangu walitembea kando ya ng'ombe, na matope yakawafika magotini. Mimi, katekista, nilikaa juu nikiwa safi. Gurudumu likazama kwenye shimo, mkokoteni ukalala upande, nami nikaangukia kiuno. Suruali nayo haikupona.

Daktari alinieleza kwa upole kwamba mifupa ya chini ya mgongo imeharibika, kwamba dawa zitapunguza maumivu lakini hazitayamaliza, kwamba nipumzike wiki chache kisha nianze kutembea kidogo kidogo. Habari ya kupumzika niliichukua nikaja nayo nyumbani. Habari ya kutembea niliiacha hukohuko hospitalini, na nikapumzika mpaka mvua za mwaka uliofuata zikanikuta nimepumzika.

Wewe umezaliwa hapa na unajua jinsi watu wetu wanavyomtunza mzee. Asubuhi kiti kilitolewa nje kabla yangu. Maji ya kunawa yalinifuata nilipo. Akina mama walipopita kuniamkia, "Wangaluka, baba," walipiga magoti pale pale vumbini, nami niliitikia nikiwa nimekaa. Nikijaribu kuinuka, mtu alikuwa karibu: "Kaa tu, Katekista, utajiumiza." Mimi nililelewa misheni, na misheni tulifundishwa kwamba kuukataa wema wa mtu ni kumvunjia heshima. Basi nilikaa. Sikukaa kwa uvivu, mwanangu, nilikaa kwa adabu. Nilimruhusu kila mtu anisaidie mpaka hakuna kilichobaki cha mimi kufanya, isipokuwa kushukuru.

Kumbuka pia kwamba sikuwa nimezoea kuuthamini mwili. Tukiwa wavulana tulifundishwa kuuona kama punda wa roho: ubebe, unyamaze, na ukizidi ubishi uchapwe. Ngoma zetu tulikatazwa, na nilipokuwa katekista nami niliwakataza wengine. Miguu yangu ilinipeleka Zagayu na kunirudisha, ilikanyaga baiskeli hadi Mwamapalala kufundisha mafundisho ya ubatizo, na hakuna siku hata moja niliyoisemea neno jema. Nilipoteza kitu ambacho sikuwahi kukitazama.

Nikiwa kitini nilijua kivuli cha paa la jikoni kinafika wapi saa sita, lakini sikujua kama choroko zimechanua. Paja la kushoto lilikonda likawa kama la mtu mwingine. Na maumivu, ambayo nilidhani kwa kukaa ninayanyima chakula, yalinenepa.

Aliyenitoa pale ni mama yako, na hakunitoa kwa maneno matamu.

Msimu ule alikiita kile kikundi cha Ng'wandu kije kutulimia shamba la pamba, wale wanaolima kwa ngoma, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja. Miaka yote walipokuja kwetu niliwapokea kwa heshima, nikahakikisha wamepata maji na chakula, kisha nikajitenga ili watu wasione katekista anafurahia ngoma. Siku hiyo sikuweza kujitenga. Kiti changu kiliwekwa pembeni mwa shamba, kwenye kivuli cha mkokoteni uleule ulioniangusha. Ngoma ikaanza, mstari wa watu ukasogea, na mimi nikatazama mbali kama mtu anayesubiri mvua.

Ng'wandu, ambaye unajua hana haya na mtu, alifika mwisho wa tuta, akaegemea jembe lake na kunitazama miguuni.

"Katekista," akasema, "mguu wako unatenda dhambi."

Nilitazama chini. Kisigino cha kulia kilikuwa kinagonga ardhi pamoja na ngoma.

"Ni baridi," nikamjibu.

"Baridi ya saa tano?"

Mama yako alicheka mpaka jembe likamtoka mkononi. Kisha akaliokota, akaja nalo, akalisimamisha mbele yangu.

"Baba Minza, shika mpini. Hakuna aliyekuomba ulime."

"Nitaanguka."

"Utaanguka kwenye shamba lako mwenyewe. Kutoka hapo ulipo si mbali."

Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kuniambia kaa tu, utajiumiza. Wote walikuwa wanalima. Basi nikainuka, kama mlango uliovimba kwa mvua unavyofunguka, kwa kukwaruza. Nikaushika mpini kwa mikono miwili, nikainua kisigino kimoja nikakishusha, nikainua kingine. Huko kulikuwa ni kucheza kwangu kote. Nilikuwa nyuma ya mstari, nikisogea hatua wakati wenzangu wanamaliza tuta.

Niliumia, sitakudanganya. Lakini kwa muda mrefu maumivu yalikuwa yanaishi peke yake ndani yangu, nyumba nzima ni yake. Siku ile yalipata wageni. Ngoma iliingia, jasho likaingia, harufu ya udongo uliofunuliwa, sauti ya mama yako akiitikia wimbo. Maumivu hayakutoka, ila yalilazimika kusogea wengine wapate nafasi. Nilitambua kwamba nyonga, goti na kifundo cha mguu vilikuwa vinaelewana bila kuniuliza, na kwamba vilikuwa vimefanya hivyo tangu nilipojifunza kusimama. Nililia kidogo. Watu wakadhani ni jasho, nami sikuwasahihisha.

Halafu nikaharibu. Naomba hili ulisikie sawasawa na lile la kwanza. Nilipoona naweza, kiburi kikaniingia, nikasema nami nitalima tuta langu. Nililimaliza, na kitandani nikakaa wiki nzima. Mama yako alinikanda kwa maji ya moto akinilaumu taratibu.

"Nilikuomba ucheze. Nani alikutuma umalize tuta?"

Ng'wandu naye alikuja kunijulia hali, akasimama mlangoni. "Tulikuwa tumeanza kukupenda, Katekista, na wewe unatukimbia."

Kitandani pale ndipo nilipojifunza jambo ambalo daktari alikuwa ameshaniambia. Kuna maumivu ya salamu na kuna maumivu ya onyo. Ya salamu hunijia kila asubuhi ninapogeuka ubavu na kuutafuta ukingo wa kitanda. Nikiyaitikia kwa upole na kuendelea na safari yangu, hunisindikiza tu, kama jirani mwenye maneno mengi. Ya onyo ni makali, huja kwa ghafla na kushuka mguuni, na hayo nikiyasikia nasimama hapo hapo bila ubishi. Makosa yangu mawili yalikuwa ya aina moja. Kwenye kiti nilidhani kila maumivu ni onyo. Kwenye tuta nilidhani yote ni salamu.

Baada ya hapo, kila asubuhi, nilitembea na mama yako hadi zizini na kurudi. Alikuwa anatembea nyuma yangu, akiimba chini kwa chini, na hakunishika mkono. Siku moja nilimuuliza kwa nini hanishiki wakati ananiona nayumba. Akasema, "Nikikushika, utakuwa unatembea kwa miguu yangu. Ya kwako nani ataitembeza?" Sitasahau jinsi kulivyokuwa kugumu kwake. Nilikuwa nasikia wimbo ukikatika kila nilipojikwaa, kisha ukiendelea.

Sasa nafika pagumu, na nakuomba radhi kabla sijaandika, kwa kuwa sikulaumu. Siku tuliyomzika mama yako, wewe ndiye uliyeagiza kiti. Ulikuwa umetoka safarini, hujalala, umepoteza mama, na ulimwona baba yako anatetemeka. Ulifanya kama binti mwema anavyofanya. Uliwaambia vijana wanibebe na kiti hadi chini ya turubai, na mimi, ambaye asubuhi ile nilikuwa nimekwenda zizini peke yangu na kurudi, sikufungua mdomo. Watu walikuwa wengi. Niliona aibu kukataa wema wenu mbele za watu.

Ulipofika wakati wa kutia udongo, mwenyekiti wa jumuiya alikuja kwangu na udongo kwenye sahani. Niliugusa kwa vidole. Akaupeleka kaburini na kuumwaga kwa niaba yangu.

Kaburi lilikuwa karibu, Minza. Kutoka kwenye kile kiti ilikuwa ni kama kutoka mlangoni hadi jikoni. Mwanamke aliyenifundisha kuinuka, nilimzika nikiwa nimekaa.

Sikuwahi kukuambia kwa sababu niliogopa utabeba lawama isiyo yako. Lawama ni yangu, niliyekuwa na miguu nikanyamaza. Nakuambia sasa kwa kuwa leo asubuhi, ulipotaja bajaji na kiti, nilijisikia natazama tena ile sahani.

Naomba nieleze na ya juzi, kwa sababu ndiyo yaliyokutisha. Kwa siku kadhaa, ukiwa senta, nimekuwa nakwenda zizini kujifunza kuinama. Naangusha chini kijiwe, nashika mti wa uzio kwa mkono mmoja, napiga goti la kulia, naushusha ule mkono mwingine mpaka uguse ardhi, kisha nakusanya viungo vyangu kimoja kimoja na kurudi juu. Siku ya kwanza nilifika nusu ya njia nikakiacha kijiwe kilale salama. Siku iliyotangulia juzi nilikiokota. Nikafurahi, nikarudia, nikarudia tena, kile kiburi cha tuta, na juzi ukanikuta vile. Jana nilipumzika. Leo, ulipoondoka, nimetembea hadi kwenye uzio wa minyaa na kurudi, na kilichokuja kilikuwa ni salamu tu. Sisemi nimepona. Sitapona, na usiende ukiwa unangoja habari hiyo kwenye simu. Zitakuwepo siku nitakazolala mpaka mchana, na siku hizo Ng'wandu atakuja kunitukana kutoka mlangoni, tumekwisha kukubaliana. Lakini kati ya siku hizo zipo nyingine, na hizo ni zangu. Sipendi kuzitoa.

Mengi ya kukuonya sina. Unatembea kama watu wa umri wako wanavyotembea, macho yakiwa kwenye simu, na miguu inakufuata yenyewe. Nilikuwa hivyohivyo bila simu. Ukiwa unapanda ngazi za shule, au umechuchumaa kufua, au umeinua mkono kuandika ubaoni, siku mojamoja angalia jinsi bega linavyoinuka bila wewe kuliomba. Inatosha. Na katika darasa lako, kama atakuwepo mtoto anayechechemea au mwenye maumivu yake, nakusihi usiwe mwepesi wa kumwambia kaa tu. Muulize kwanza. Pengine anataka kufuta ubao. Atachelewa, wenzake watanung'unika, nawe mgongo utakuuma kwa kutamani kumsaidia. Vumilia, uimbe chini kwa chini.

Basi, ombi langu ni hili.

Bajaji ije, ibebe mabegi, itutangulie. Sisi tutoke mapema, kabla jua halijawa kali. Uninyime mkono wako mpaka nitakapouomba mwenyewe, na nikiuhitaji nitauomba, nakuahidi, aibu hiyo nimekwisha kuiacha. Tutembee kwa mwendo wangu. Nikisimama, simama nawe, tutazame pamba za watu. Usiniulize kama naumia. Jibu unalijua, na si habari mpya.

Tukifika kwenye uzio wa minyaa, pale alipolala mama yako, nitaomba tusimame kidogo. Kuna mti mmoja imara wa uzio hapo, nimeujaribu. Nitapiga goti, nitachukua udongo kwa mkono wangu, nitautia. Itachukua muda na haitapendeza kutazama. Ukiona huwezi kuvumilia, tazama upande wa barabara, lakini usinisogelee. Nitainuka mwenyewe, kisha tutaendelea.

Nikishindwa kuinuka, nitakuita, utaniinua, na bajaji itanirudisha, nami sitasema neno juu ya uhamisho wako. Nakupa haki hiyo. Lakini nikiinuka, naomba uende Mtwara, ukafundishe, ukae huko kama mtu aliyekwenda kukaa.

Kuhusu kurudi kwangu usihangaike. Sitakuwa na wa kumwahi. Nitapita kwa Ng'wandu, atanipa maji na matusi, kisha nitakuja nyumbani. Kiti nimekwisha kukiingiza ndani. Nitakikalia nikichoka, kama watu wengine wanavyokalia viti.

Wabeja, mayu, asante mama, kwa miaka uliyonitunza. Nakushukuru kwa moyo wote, na kwa mara ya kwanza nakushukuru nikiwa nimesimama, kwa maana mistari hii ya mwisho naiandikia dirishani, karatasi ikiwa juu ya ukingo.

Jambo moja limebaki. Basi likifika hutaniona nikikupungia mpaka upotee. Ukishapanda, ukae upande wa dirisha linalotazama kwetu. Mimi nitakuaga, kisha nitageuka kabla dereva hajaondoka, nianze safari ya kurudi. Nitazame mgongo wangu, Minza. Nataka ukumbuke ulimwacha baba yako akiwa anatembea.

Ni mimi,
Baba yako